Ukitaka kuacha pombe ukiwa Dodoma, tafuta kikao cha saa yako

Mimi ni fundi cherehani, nashonea pembeni ya soko la Majengo. Kwa miaka tisa, ikifika saa 11 jioni nilikuwa nafunika cherehani na kwenda kunywa. Sasa huu ni mwaka wa nne sijagusa. Nakuandikia wewe unayetaka kuacha na hujui uanzie wapi, hasa mama mwenzangu unayekunywa chumbani kwa siri.

Tuanze na mwili. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usikate ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja unaweza kushikwa na degedege, au ukaanza kuona vitu visivyokuwepo, mara nyingi ndani ya siku tatu za kwanza. Watu wanakufa kwa hilo. Nenda General, hospitali ya rufaa ya mkoa, au Mirembe, useme ukweli: unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kuna dawa za kukuvusha siku hizo, na utapewa vitamini B1. Najua jina la Mirembe linavyotaniwa hapa mjini. Acha watanie. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na ulevi ni ugonjwa unaotibiwa.

Ukiwa hapo hapo, muulize muuguzi au afisa ustawi wa jamii: "Kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, na mimi naweza kwenda?" Usitaje AA peke yake (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha), wengi hawajaisikia, eleza unachotafuta. Mahali pa kwanza nilipouliza mimi nilifokewa mbele ya foleni nzima, nikarudi kunywa wiki mbili. Mtu wa pili niliyemuuliza, kwingine, ndiye aliyenielekeza. Kwa hiyo ukifokewa, uliza kwa mwingine kesho yake. Waulize pia watu wa soba hausi, nyumba wanazokaa wanaoacha ulevi, hata kama wanashughulika zaidi na dawa za kulevya, na mchungaji, padri au shehe unayemwamini kwamba atatunza siri.

Ukiwa na vikao viwili vya kuchagua, chukua kile kinachoangukia saa yako ya kunywa. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kikao cha asubuhi kilinipa maneno mazuri, lakini saa 11 jioni miguu ilikuwa inajua njia yake. Siku zisizo na kikao, tumia simu. AA wana vikao vya video kila siku, vingi kwa Kiingereza. Zima kamera, sikiliza tu. Angalia saa vizuri: kikao cha saa 12 jioni ya London kwetu ni saa 2 usiku, na wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba kinakuwa saa 3. Mimi hukisikiliza Jumamosi, maana mchana wake ni mnada wa Msalato, na harufu ile ya nyama choma kwangu haijawahi kuja bila bia.

Uliza pia kama kikao ni cha wazi au cha wenyewe tu. Cha wazi unaweza kwenda na mumeo au dada yako. Cha wenyewe ni kwa wanaotaka kuacha. Kiingilio hakuna. Kikapu kikipita, weka ulicho nacho au kipitishe.

Kula kwanza, njaa inaita pombe. Na kama siku hiyo umeshakunywa, nenda hivyo hivyo, ukae usikilize.

Siku yangu ya kwanza nilikaa kiti cha plastiki karibu na mlango. Mzee mmoja akanisalimu, "Mbukwa," akanimiminia chai ya tangawizi nusu kikombe. Wengine wote walikuwa na vikombe vilivyojaa. Niliona amenidharau. Nilipokiinua, chai ikacheza hadi ukingoni na haikumwagika, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ameitazama mikono yangu kabla sijaketi. Nilipokimaliza akaniongeza nusu nyingine, hakusema neno.

Zamu yako ikifika, jina moja linatosha: "Naitwa fulani, leo nasikiliza." Mwenzako akizungumza usimkatize wala usimpe ushauri. Ya pale yabaki pale. Usiondoke bila namba mbili za simu, na wewe mwanamke, ziwe za wanawake. Nenda mara sita kabla hujaamua kwamba hapakufai. Mimi mara ya pili nilichoka sana, ya nne nililia.

Na wewe wa Kondoa, Bahi au Kongwa usiye na kikundi karibu: AA yenyewe ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na watu wawili, Bill dalali wa hisa na Bob daktari, wote walevi. Mtafute mmoja tu anayetaka kuacha kama wewe. Chagueni siku moja ya wiki, saa ile ile mliyokuwa mnakwenda kilabuni, na mahali pasipouzwa pombe. Mmoja azungumze dakika kumi, mwingine asikilize, kisha mbadilishane. Asipotokea, kaa saa yako yote, halafu mpigie simu.