Namna ya kuanza kuusikiliza muziki wa asili wa Marekani
Anzia Bristol, Tennessee, Agosti 1927, kundi la Carter Family na mwimbaji Jimmie Rodgers waliporekodiwa kwa mara ya kwanza. Vaa hedifoni, ufuate gitaa la Maybelle Carter tu: kidole gumba kinapiga wimbo kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinachapa zile nyembamba. Rudia. Mimi nilirudia wiki nzima, gitaa mapajani, na hadi leo nalipenda gumba lile kuliko solo yoyote ya roki.

Mikwaruzo ya santuri isikukimbize, utaizoea.

Kisha mwimbaji na mpiga gitaa Mississippi John Hurt, rekodi zile za 1928. Anaimba kwa upole, kama mnaongea barazani.

Mwisho mrudie Rodgers kupitia Kenya: Wakipsigis walimwimba kwa jina Chemirocha, mtafiti wa muziki Hugh Tracey akawarekodi 1950. Wimbo huo usikilize usiku, taa umezima.