Mshipi haupati kitu horini? Kagua haya kabla ya kusema samaki wameisha

Mvuvi wa mshipi, yaani uzi na ndoana, akirudi mikono mitupu mara tatu nne mfululizo, neno la kwanza ni "samaki wameisha", na la pili ni kuwataja wenye majuya, nyavu za kukokota. Huenda ni kweli. Lakini kwenye mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, na milango ya mito, kuanzia Sabaki na Mombasa hadi Pangani na Rufiji, sababu kadhaa zisizohusiana huleta kikapu kitupu kilekile, na kila moja ina dawa yake. Anza na zile rahisi kupima.

Bamvua kwa bamvua

Kosa linalopotosha wengi ni kulinganisha siku zisizofanana. Wakati wa bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Kilindini huzidi mita 3. Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, hubaki karibu mita 1 tu. Chaa na changu wadogo hupanda na maji ya bamvua mpaka kwenye mizizi ya mikoko, hula huko, kisha huteremka na maji yanayotoka. Maji mafu hayafiki huko, kwa hiyo mkondo uliokupa samaki wiki iliyopita unaweza kuwa mtupu leo bila kuharibika chochote.

Isitoshe, maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Anayevua kila Jumamosi saa 12 asubuhi, wiki hii atayakuta yamejaa na wiki ijayo yamekupwa, kisha atashangaa. Jedwali la bandarini la saa za maji kujaa na kupwa nalo halitoshi, kwa sababu ndani ya hori maji hugeuka baadaye. Chomeka mti wenye alama pale unapovulia, andika saa yalipogeuka, toa saa ya jedwali. Tofauti hiyo ndiyo utakayoiongeza kila mara.

Weka daftari: siku ya mwezi, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya ndoana, chambo, aina ya samaki, na urefu wa kila mmoja kutoka mdomoni hadi kwenye panda ya mkia. Kisha gawanya idadi ya samaki kwa saa mara ndoana. Samaki 12 kwa ndoana 2 na saa 4 ni 1.5. Jirani aliyeleta samaki 20 kwa ndoana 5 na saa 5 amepata 0.8 tu, ingawa kikapu chake kinapendeza zaidi. Na ulinganishe msimu wa pepo za Kusi na Kusi, wa Kaskazi na Kaskazi.

Chumvi na tope

Baada ya mvua kubwa, maji matamu ya mto huelea juu na ya chumvi hubaki chini. Samaki wa baharini huteremka au hutoka kabisa. Ukivua kwa boya, ndoana ikiwa nusu mita chini ya uso, unavua kwenye mto, si baharini.

Kipimo cha chumvi hutengenezwa kwa mrija wa soda wa sentimita 20. Ziba ncha moja kwa ubani wa kutafuna, tia mchanga mkavu kidogo kidogo hadi mrija usimame wima ndani ya maji, na sentimita 5 hivi zibaki nje. Weka alama kwenye maji ya bomba, kisha kwenye maji ya bahari ya nje. Alama zitaachana kwa milimita 3 au 4 tu, kwa hiyo chora kwa kalamu nyembamba, pangusa mapovu yanayoganda ubavuni, na acha maji yote yapoe kivulini kwanza, maana joto pia hubadilisha uzito wake. Kisha pima maji ya hori, ya juu na ya chini. Kuyapata ya chini, funga jiwe kwenye chupa ya glasi, izibe kwa kizibo chenye uzi wake, ishushe, vuta kizibo, subiri mapovu yaishe. Usionje kwa ulimi kwenye mahori ya mjini; maji taka huingia humo.

Tope lina kipimo chake. Chukua mfuniko mweupe wa ndoo ya lita 20, funga uzani, na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Ushushe hadi usionekane. Ukipotea kabla ya sentimita 30, kolekole na mzia wanaowinda kwa macho hawana kazi hapo, lakini hongwe anayefuata harufu bado yupo. Badili chambo kiwe cha mafuta, kama vipande vya samaki aitwaye simu, ukilaze chini.

Mto pia hubadilika sehemu zake za chini ukijengewa bwawa huko juu. Bwawa huzuia mchanga na hupanga upya majira ya mafuriko. Pangani imeishi hivyo tangu Nyumba ya Mungu ilipojengwa miaka ya 1960, na Rufiji imeingia hali hiyo tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa Desemba 2022. Kalenda ya uvuvi uliyorithi kwa babu inahitaji kuandikwa upya huko.

Chini kuna nini?

Hapa ndipo wengi hawaangalii, na ndipo majibu mengi yalipo. Mkondo huhama. Fungu la mchanga likisogea mita 15, chubwi lako, yaani uzani wa mshipi, linaangukia mahali pasipo chakula, wakati ukiamini uko palepale kwa sababu mti wa ng'ambo haujasogea.

Toboa kishimo kwenye kitako cha chubwi, kijaze sabuni ya mche iliyolainishwa. Maji yakisimama baada ya kupwa, pita na mtumbwi kukata hori kutoka ukingo hadi ukingo, ukishusha chubwi kila mita 10. Andika kina na kilichoganda kwenye sabuni. Mchanga wenye vipande vya makombe ni dalili njema. Tope jeusi lenye harufu ya yai bovu halina hewa. Minyoo na kaa wadogo wamekufa au wamehama, na samaki wa chini wamewafuata.

Tazama pia mikoko. Mchu, aina moja ya mikoko, hupumua kwa mizizi inayochomoza kama penseli. Ikizikwa na mchanga mti hufa ukiwa umesimama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mchanga na tope vilivyoua mikoko Mwache, upande wa Mombasa, na msitu ukienda, malezi ya samaki huenda nao.

Chombo chako

Chambo kikiisha bila wewe kuhisi kitu, mwizi mara nyingi ni kaa. Kiinue sentimita 30 juu ya chubwi, kikidumu, umempata. Uzi ukikatwa safi kama kwa wembe ni mzia au bunju. Bunju ana sumu inayoua, mrudishe majini.

Chaa ana mdomo mdogo: ndoana namba 8 au 10 (namba ikizidi, ndoana ni ndogo zaidi), uzi wa milimita 0.30. Wengi hutumia namba 4 na uzi wa 0.60 "ili mkubwa asipotee", wakakosa wote. Kamba wa chambo walioyeyuka na kugandishwa tena huvunjika kwenye ndoana. Watie chumvi ya mawe, kiganja kimoja kwa nusu kilo, wakae usiku mmoja wakakamae.

Daftari likisema wamepungua kweli

Sasa soma urefu. Changu na jamaa zake wengi huzaliana nje na kulelewa horini, hivyo kupata wadogo watupu horini si habari mbaya. Kutopata wadogo kabisa ndiyo mbaya: angalia mikoko iliyokatwa na vyandarua vinavyokokotwa kwenye maji ya magotini. Madhara ya anayebeba vichanga leo huonekana kwenye mshipi wako mwaka mmoja au miwili baadaye, ndiyo maana watu hawauunganishi mkasa na chanzo. Juya la kukokota Kenya limepigwa marufuku tangu 2001. Bado linatumika, na ni wachache wanaokwenda BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, na tarehe mkononi. Nenda na kurasa za misimu miwili, mahali, saa na hali ya maji.

Samaki wadogo wakipumulia juu alfajiri, hewa imeisha majini. Wakielea wafu, usiwaokote kula wala kwa chambo. Jaza maji hayo kwenye chupa safi ya glasi hadi shingoni, ifunge, iweke kwenye barafu, na mfikishie ofisa wa uvuvi siku hiyohiyo. Kesho maji yatakuwa yamejaa na kutoka mara mbili, na ushahidi utakuwa umekwenda nayo.