Kujiandaa kwa Shahada ya Uzamili ya Uchunguzi na Urejeshaji wa Sauti Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mchunguzi wa sauti hupokea rekodi kutoka kwa polisi, wakili au mahakama, akaulizwa kama rekodi hiyo ni halisi, kama imekatwa au kuunganishwa, maneno yanayosikika ni yapi, na kama msemaji anaweza kuwa mtu fulani anayetajwa. Mrejeshaji wa sauti hupokea kanda iliyochakaa, akaulizwa kama wimbo, mahubiri au hotuba iliyomo inaweza kusikika tena. Vyuo vingi huzitenganisha kazi hizi, moja ikawekwa karibu na sheria na nyingine karibu na muziki, ilhali msingi wake ni mmoja: kuhifadhi chanzo bila kukibadilisha, na kuandika kila hatua uliyoipitia hadi ukafika kwenye sauti unayoikabidhi. Kijana wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe anayetamani kusoma uzamili katika fani hii anaweza kuujenga msingi huo nyumbani kabla hajajaza fomu hata moja ya maombi.

Undugu wa kazi hizi mbili unaonekana katika maisha ya mhandisi Thomas Stockham wa Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 1973 Jaji John Sirica wa Marekani alitaka ielezwe kwa nini kanda ya mazungumzo ya Rais Richard Nixon ya tarehe 20 Juni 1972 ilikuwa na dakika 18 na nusu zisizo na maneno, mvumo mtupu. Jopo la wataalamu sita, Stockham akiwa mmoja wao, liliichunguza kanda yenyewe pamoja na mashine zilizohusika, na mwaka 1974 likaeleza kwamba ufutaji ulifanywa kwa mashine ya Uher 5000, tena kwa mara zisizopungua tano, kwa kuwa hedi ya kufutia, yaani sehemu ya mashine inayogusa kanda na kuifuta, huacha alama yake kwenye kanda kila inapowashwa na kuzimwa. Miaka hiyohiyo Stockham alikuwa akitumia kompyuta kuzirejesha rekodi za mwimbaji wa Italia Enrico Caruso, zilizonaswa kwa pembe ya kunasia sauti kabla ya maikrofoni za umeme kuingia studio. Mtu aliyeweza kusoma alama za kufutwa ndiye huyohuyo aliyeweza kuondoa mlio wa pembe bila kuiharibu sauti ya mwimbaji.

Shahada ya kwanza inayokubalika kwa urahisi ni ya uhandisi wa umeme, elektroniki na mawasiliano, sayansi ya kompyuta, fizikia, au isimu kwa wale wanaoelekea upande wa usemi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, vinatosha kabisa kumpa mwanafunzi msingi wa hesabu na fizikia. Kinachowakwamisha wengi ni nadharia ya mawimbi: kwa nini sauti inayochukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde haiwezi kubeba masafa yanayozidi hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde), na kwa nini simu ya kawaida, inayopitisha kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, huifanya “s” na “f” zifanane. Jifunze hayo kwa vitendo. Pakua Audacity na Praat, programu zinazotolewa bure, rekodi sauti yako, kisha isome kwenye spektrogramu, yaani picha ya sauti inayoonyesha masafa yake kadiri muda unavyokwenda, mpaka uweze kutambua irabu kwa macho. Baadaye ongeza lugha ya kompyuta ya Python, kwa sababu maabara nyingi hukutarajia uandike vipimo vyako mwenyewe.

Mazoezi yenye thamani kuliko yote yamo ndani ya makabati ya nyumba zetu. Kwaya za Moraviani za Rungwe, kwaya za Kilutheri za Iringa na Njombe, na hotuba za harusi na misiba zilijaza kaseti nyingi, na unyevu wa Tukuyu na ukungu wa Mufindi unazimaliza. Omba kaseti moja kwa mwenye nayo, kwa ridhaa iliyoandikwa, kisha ishughulikie kama kwamba kesho utasimama mahakamani kuieleza.

Anza kwa kuitazama. Ukiona utando mweupe kwenye dirisha la kaseti, hiyo ni kuvu, na hupaswi kuicheza: itachafua hedi na kuhamia kwenye kaseti nyingine, na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Itenge, iache ikauke mahali pakavu penye hewa pasipo na jua, vaa barakoa, na usafishaji umwachie mtu mwenye uzoefu. Kama ni safi, piga picha pande zote mbili pamoja na maandishi ya kalamu yaliyomo, hata yaliyokosewa. Kisha vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mashine isiweze kurekodi juu yake hata ukibonyeza kitufe kisicho chake. Izungushe kanda yote mbele na kurudi ili ilegee pale iliposhikana. Safisha hedi na kirola cha mpira kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti safi isiyo na mafuta wala manukato.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo inayorekebisha mwelekeo wa hedi dhidi ya kanda. Redio iliyorekodi kwaya ile mwaka 1985 ilikuwa na mwelekeo wake, na mashine yako ina wa kwake. Visipolingana, sauti za juu hufifia na waimbaji huonekana kama wameimba nyuma ya blanketi. Weka usikilizaji katika mono, geuza skrubu hiyo kidogo sana kwa bisibisi nyembamba, na usimame pale ambapo “s” na matari vinang'aa zaidi. Hakuna programu itakayokurudishia baadaye kile ambacho hedi haikukisoma, na ndiyo maana nusu saa inayotumika kwenye skrubu ina faida kuliko wiki nzima ya kusafisha kwenye kompyuta.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, kiwango kilichozoeleka katika hifadhi za kumbukumbu (chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, hupendekeza angalau kilohezi 48), katika faili la WAV, bila kuwasha kichujio chochote. Saa moja ya stereo itachukua takriban gigabaiti 2. Faili likishakamilika, likokotolee heshi ya SHA-256, uiandike daftarini pamoja na tarehe, saa, mashine uliyotumia na jina la aliyekukabidhi kaseti. Heshi ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika hata biti moja tu ya faili ikibadilika. Ndiyo itakayomthibitishia mtu baada ya miaka mitano kwamba faili lililopo mezani ni lilelile. Tunza nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba yako.

Usafishaji wote ufanyike kwenye nakala. Ondoa kwanza mibofyo, kisha mvumo wa umeme kwenye hezi 50, 100 na 150, na mwisho ile kelele ya jumla, tena kwa mkono mwepesi. Kelele na sauti hazitengani kama pumba na mchele. Kila unapopunguza moja unachukua kidogo cha nyingine. Kwa hiyo hifadhi pia kile ulichokiondoa na ukisikilize peke yake: ukisikia humo mabaki ya maneno au sauti ya mwimbaji, umepita kiasi, rudi nyuma. Kazi ya mahakama ina masharti makali zaidi, kwa kuwa lengo lake ni maneno kueleweka, uzuri haumo, na pia kwa sababu masikio hudanganywa na matarajio. Mwanaisimu wa Australia, Helen Fraser, ameonyesha kwamba mtu akishapewa maandishi ya kile “kinachosemwa” huanza kukisikia hata kama hakimo. Jizoeze kuandika unachosikia kabla mtu yeyote hajakuambia kilichomo.

Huo mvumo wa umeme unaouondoa una matumizi mengine, na hapa ndipo mwombaji kutoka kwetu anapoweza kuwa na wazo la utafiti lisiloombwa na mtu mwingine. Umeme wa Tanzania hutembea kwa hezi 50, lakini kamwe si 50 kamili. Hupanda na kushuka kidogo kila wakati kadiri mzigo na uzalishaji unavyopishana, na mabadiliko hayo ni yaleyale kila mahali palipounganishwa na gridi moja. Rekodi iliyofanywa karibu na nyaya za umeme inaweza kuubeba mchoro huo, na ukiwa na kumbukumbu ya gridi ya siku ile unaweza kupima kama rekodi ilifanywa saa inayodaiwa, na kama kuna kipande kilichokatwa. Catalin Grigoras ni miongoni mwa waanzilishi wa mbinu hiyo. Nyanda za Juu Kusini zina hali ya kuvutia, kwa sababu pamoja na gridi ya taifa ipo mitambo midogo ya maji ya vijiji na misheni huko Ludewa na Njombe, na mtambo unaojitegemea huwa na mwendo wake wa masafa usiofanana na wa gridi. Kukusanya kumbukumbu hiyo kunahitaji transfoma ndogo ya kushusha umeme hadi volti chache na kinasa sauti kinachofanya kazi mfululizo. Mwombe fundi umeme mwenye leseni akuunganishie. Usiingize umeme wa ukutani kwenye kompyuta.

Mvumo huohuo humsaidia mrejeshaji. Kama kaseti ilirekodiwa pakiwa na umeme wa hezi 50 na leo mvumo wake unasomeka 51.5, kanda inakimbia kwa asilimia 3, na kwaya yote inaimba juu kuliko ilivyoimba.

Upande wa usemi kuna pengo jingine. Kulinganisha sauti ya mtuhumiwa na sauti iliyo kwenye rekodi kunadai ujue jinsi sifa fulani ilivyo ya kawaida katika jamii ya wasemaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikusanya sauti za wanaume 100 wenye lafudhi moja ya Kiingereza kwa kazi hiyo hasa. Mchunguzi anayepewa rekodi ya mtu wa Rungwe akizungumza Kiswahili chenye athari ya Kinyakyusa, au mtu wa Kilolo mwenye athari ya Kihehe, anahitaji mkusanyo wa namna hiyo wa kwetu, na mwanafunzi aliyekulia katika lugha hizo ndiye wa kuutengeneza. Jihadhari pia na anayekuambia kwamba picha ya sauti ni sawa na alama ya kidole: mwaka 1979 ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilionya kwamba uhakika huo haujathibitishwa.

Kabla ya kuomba chuo, soma kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kinaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, iangalie uaminifu wa namna taarifa ilivyotengenezwa, kutunzwa na kusafirishwa, na namna uzima wake ulivyohifadhiwa. Wahadhiri wa sheria wa Chuo Kikuu cha Iringa na cha Kikatoliki Ruaha wanaweza kukueleza jinsi kifungu hiki kinavyotumika. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni mfano wa kuanzia: umebanwa kwa mfumo wa Opus, na mtu akiucheza kwenye spika na kuurekodi kwa simu nyingine, taarifa nyingi za faili la asili hupotea.

Kuhusu vyuo, University of Colorado Denver, Marekani, ina kituo cha uchunguzi wa kisayansi wa sauti na picha chini ya Grigoras na hutoa uzamili unaolenga fani hiyo moja kwa moja. York, Uingereza, ina uzamili wa sayansi ya usemi kwa ajili ya uchunguzi wa jinai. Anayependa urejeshaji na hesabu za mawimbi aangalie Edinburgh na Queen Mary ya London. Kwa nyimbo zetu za kale, mahali pa kufahamiana napo ni hifadhi ya muziki wa Afrika, ILAM, iliyoko Makhanda, Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1954 na Hugh Tracey, ambaye mwaka 1950 aliwarekodi Wahehe wakipiga ligombo, ala yao ya nyuzi. Mitaala hubadilika, kwa hiyo soma orodha ya masomo ya mwaka unaoomba.

Ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na hukutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kazi ya redio ya jamii inaweza kuhesabika. Fulbright ndio mlango wa Marekani. Kabla ya kukubali nafasi, hakikisha kupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwamba tuzo ya chuo hicho itatambuliwa nchini.

Pamoja na maombi, ambatanisha kazi ya kaseti moja: sekunde 60 kabla ya usafishaji, sekunde hizohizo baada yake, mabaki uliyoyaondoa, heshi, na ripoti ya kurasa tatu inayotaja pia ulichoshindwa kukirejesha. Naiona hiyo ina uzito kuliko vyeti vya kozi fupi za mtandaoni, kwani msomaji wake anaweza kurudia hatua zako na kuona kama atafika ulipofika. Mwandikie msimamizi mtarajiwa umuulize mambo mawili: kama data ya tasnifu inaweza kukusanywa Tanzania, na kama programu za kulipia kama iZotope RX au CEDAR ndizo pekee zitakazofundishwa, kwa kuwa leseni za chuo huishia siku ya mahafali. Akikubali data ya nyumbani, uliza mapema Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kamati ya maadili ya chuo kuhusu vibali, na andika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi ambacho bibi wa Makete anayeimba kwenye kanda hiyo ataweza kusomewa na kukikubali au kukikataa.