Data ya mahali: ikague programu yako kabla sheria haijaikagua

Mdhibiti wa ulinzi wa data akibisha hodi kuhusu data ya mahali, maswali yake mawili ya kwanza ni imetoka wapi na imekwenda kwa nani. Sera ya faragha hata iwe ndefu namna gani haiyajibu. Mwongozo huu ni wa anayetunza programu ya simu au tovuti inayosoma mahali alipo mtumiaji, hasa ikiwa na watumiaji Ulaya au Marekani, ambako mipaka mingi imeandikwa kwa namba na kesi zake ziko wazi. Fuata mpangilio uliopo. Ukianza na sera, utaahidi mambo usiyoyajua.

Hatua ya 1: Tafuta inakoingilia

Kwenye Android, fungua AndroidManifest (faili linaloorodhesha ruhusa za programu) iliyokwisha kuunganishwa, ile inayotoka baada ya programu kujengwa. Uliyoiandika wewe haitoshi, kwa sababu SDK (kifurushi cha msimbo wa kampuni nyingine) ya matangazo au ya takwimu inaweza kujiongezea ACCESS_FINE_LOCATION, ruhusa ya mahali kamili, bila mtu wa timu yako kugusa kitu. Kwenye iOS, pitia Info.plist, faili la maelezo ya programu, na usome kila kipengele kinachoanza na NSLocation. Ukikuta ACCESS_BACKGROUND_LOCATION, ruhusa ya kusoma mahali hata programu isipotumika, usiendelee mpaka apatikane wa kueleza inafanya nini.

Halafu kuna milango ya uani:

- Picha anazopakia mtumiaji hubeba latitudo na longitudo ndani ya EXIF, maelezo yaliyofichwa kwenye faili la picha. Seva izifute kabla ya kuhifadhi picha.
- Ukituma majira ya mahali (latitudo na longitudo) ndani ya URL, yatabaki kwenye logi (kumbukumbu za mfumo) za seva, za proksi (seva ya kati) na za huduma ya kufuatilia hitilafu. Yaweke kwenye mwili wa ombi, kisha hakikisha mwili wenyewe hauandikwi kwenye logi.
- Orodha ya mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu ni mahali tu kwa jina jingine. Mwaka 2016 mtandao wa matangazo wa InMobi ulikubali kulipa dola 950,000 baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, kudai kwamba ulikuwa ukikisia mahali kwa njia hiyo hata kwa watu walioikatalia programu ruhusa.

Hatua ya 2: Pima usahihi kwa hesabu

Hapa ndipo timu nyingi hujidanganya, basi tuende polepole.

Sheria kadhaa za majimbo ya Marekani huweka data ya mahali mahususi katika kundi la data nyeti. Virginia inatumia nusukipenyo cha futi 1,750, karibu mita 533. California inasema eneo lisilozidi la duara lenye nusukipenyo cha futi 1,850, yaani mita 564. Piga hesabu ya duara hilo utapata takriban kilomita moja ya mraba.

Dawa inayokimbiliwa ni kupunguza tarakimu. Tarakimu tano baada ya nukta ni usahihi wa mita moja hivi, tatu ni mita 110, mbili ni kilomita 1.1. Watu hufika kwenye mbili wakapumua. Tatizo ni kwamba mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta. Kisanduku cha tarakimu mbili kina karibu kilomita 1.2 za mraba kwenye ikweta, na 1.02 Los Angeles. San Francisco kinashuka hadi 0.98. Msimbo uleule, jimbo lilelile, sheria ileile: mji mmoja uko nje ya mpaka na mwingine uko ndani.

Kwa hiyo usikate tarakimu kienyeji. Gawa ramani kwa visanduku vilivyopimwa kwa kilomita, mathalani mbili kwa mbili, au omba ACCESS_COARSE_LOCATION, ruhusa ya mahali pa kukadiria, peke yake, ambayo kwenye Android hutoa eneo la takriban kilomita tatu za mraba. Na upunguzaji ufanyikie kwenye simu. Majira kamili yakishafika kwenye seva yako umeyakusanya, hata kama unayafuta sekunde inayofuata.

Ulaya haina mstari wa namba kama huo. GDPR, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, kama ile ya Kenya ya 2019, inaitaja data ya mahali miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu. Kupunguza usahihi kunakupunguzia mzigo, hakukutoi ndani ya sheria.

Hatua ya 3: Kila matumizi na kusudi lake

Andika jedwali: kipengele cha programu, kusudi lake, usahihi kinaohitaji, mara ngapi kwa saa, siku za kuhifadhi, nani anapokea. Utabiri wa hali ya hewa unahitaji mji. Usafirishaji wa kifurushi unahitaji mtaa, tena mpaka kifurushi kifike tu. Safu ya "mara ngapi" ndiyo inayosahaulika, na inauma: katika malalamiko yake dhidi ya General Motors ya Januari 2025, FTC ilidai data ya magari ilichukuliwa hata kila baada ya sekunde tatu. Kisanduku cha jedwali chenye maneno "kuboresha huduma" kihesabu kuwa kitupu.

Hatua ya 4: Ridhaa

Dirisha la ruhusa la simu linairuhusu programu kusoma kihisi. Halisemi data itapelekwa kwa nani wala kwa kazi gani, kwa hiyo peke yake si ridhaa ya kisheria. Weka skrini yako kabla yake, itaje kusudi na wanaopokea, na kila kusudi liwe na kitufe chake. Usitie tiki mapema. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliikataa ridhaa ya namna hiyo mwaka 2019 katika kesi ya Planet49. Kujitoa kuwe rahisi sawa na kuingia: kama kukubali ni mguso mmoja, usimfichie mtu kukataa chini ya menyu tatu.

Kosa la kiufundi linalorudiwa sana ni SDK kuanza kazi kabla ya jibu. Mwaka 2013 FTC iliifikia programu moja ya tochi iliyomwonyesha mtumiaji vitufe vya kukubali na kukataa, ilhali mahali pake na kitambulisho cha simu vilikuwa vimeshatumwa kabla hajagusa kitufe chochote. Washa SDK ndani ya tukio la kukubali. Ukiiwasha programu inapofunguka, umechelewa.

Hatua ya 5: Nani anapokea

Kwa kila anayepokea, jibu mambo mawili: anafanya kazi kwa maagizo yako au kwa faida yake? Unapata nini kwake? California huhesabu kuwa ni uuzaji hata pale malipo si fedha bali kitu kingine chenye thamani. SDK ya "bure" inayokupa takwimu na yenyewe ikabaki na data inaweza kuangukia humo.

Baadhi ya milango imefungwa kabisa. Maryland, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, hairuhusu kuuza data nyeti, mahali mahususi ikiwemo, na ridhaa haifungui kufuli hilo. Oregon imepiga marufuku uuzaji wa mahali mahususi, ndani ya futi 1,750, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kama una watumiaji huko, kitufe cha "nakubali data yangu iuzwe" hakina kazi.

Mkataba peke yake usikulaze usingizi. Kampuni kubwa za simu za Marekani ziliwapa wakusanyaji wa data, yaani kampuni za kati, huduma ya kujua mahali wateja walipo, wakusanyaji wakaiuza mbele, na kila mmoja akamwachia aliye chini yake jukumu la kupata ridhaa. Aprili 2024 tume ya mawasiliano, FCC, ilizitoza kampuni hizo za simu faini za jumla ya karibu dola milioni 200. Kesi zilikwenda rufaa na mahakama hazikukubaliana, lakini funzo la kiutendaji halibadiliki: omba ushahidi wa ridhaa kwa sampuli, weka haki ya ukaguzi, na uwe na swichi ya kumkatia mpokeaji data siku hiyohiyo.

Angalia pia mnada wa matangazo, ambamo watangazaji hushindania nafasi ya tangazo kwenye programu yako. Ombi la mnada likibeba majira ya mahali, huwafikia wazabuni wote, walioshinda na walioshindwa. FTC ilidai Desemba 2024 kwamba Mobilewalla, kampuni ya kuuza data, ilibaki na data ya minada ambayo haikushinda. Kwenye mipangilio ya mnada, toa kabisa lat na lon (latitudo na longitudo).

Na anayekwambia "tumeondoa majina" mwulize amebakiza nukta ngapi kwa kila kifaa. Utafiti uliochapishwa 2013 juu ya watu milioni 1.5 ulionyesha kuwa nukta nne za mahali na saa zilitosha kumtenga mtu mmoja na wengine kwa asilimia 95 yao. Simu inayolala nyumba moja na kushinda ofisi moja haihitaji jina.

Hatua ya 6: Maeneo nyeti

Hospitali, nyumba za ibada, makazi ya waliokimbia ukatili. Jimbo la Washington linakataza kuweka uzio wa kidijitali wa futi 2,000 au pungufu kuzunguka kituo cha afya kwa ajili ya kufuatilia wagonjwa, kukusanya data yao ya afya au kuwatumia matangazo yanayohusiana nayo. Na mtu binafsi anaweza kushtaki. Chuja data inapoingia. Ukichuja kwenye ripoti tu, data ghafi inabaki imekaa kwenye hifadhi ikisubiri kuvuja. Orodha ya maeneo ihuishwe kwa ratiba, maana kliniki huhama.

Hatua ya 7: Saa zinazohesabiwa

Maombi ya mtumiaji: mwezi mmoja chini ya GDPR, siku 45 California. Uvujaji: saa 72 kumjulisha mdhibiti Ulaya, isipokuwa hatari kwa watu iwe haielekei kutokea. Saa hizo zinaanza unapojua, usiku wa Ijumaa ukiwemo.

Hatua ya 8: Jaribio la mahali pa uongo

Sakinisha programu upya, weka mahali bandia katikati ya bahari penye tarakimu zisizo za kawaida, mfano -31.48265, na upitishe mawasiliano yote kwenye mitmproxy, zana ya kusoma data inayotumwa na programu. Raundi ya kwanza kataa kila kitu. Ya pili kubali, tumia programu, kisha jitoe na ufute akaunti. Tafuta tarakimu hizo kwenye hifadhidata, logi, ghala la takwimu na nakala rudufu. Usitafute namba nzima peke yake: huenda imekatwa ikawa -31.48, imegeuzwa geohash (mahali palipoandikwa kwa herufi na tarakimu), au imefungwa kwenye protobuf, muundo wa data usiosomeka kama maandishi, ambako utafutaji wa maandishi hauoni kitu. SDK inayosimba mawasiliano yake na kuikataa proksi, mwandikie mwenye nayo akutajie sehemu zote za data inazotuma; asipojibu, iondoe.