Kabla Hujaanza Kiserbia: Mambo ya Kuzingatia Usije Ukakata Tamaa Njiani

Wiki za kwanza za Kiserbia ni tamu. Kila herufi ina sauti yake, na neno husomwa kama lilivyoandikwa, sawa na Kiswahili. Kisha zinakuja padeži, yaani miisho ya nomino inayobadilika kulingana na kazi ya neno katika sentensi, na hapo ndipo madaftari mengi hufungwa.

Kwanza piga hesabu ya muda. Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 1,100 hivi za darasani kwa mtu anayetokea Kiingereza. Ukisoma saa moja kila siku, hiyo ni miaka mitatu. Kwa hiyo usijiwekee lengo la "kuongea vizuri ifikapo Desemba". Weka lengo unaloweza kulipima: kuagiza chakula bila kuonyesha kidole, au kujieleza kwa dakika tano bila kugeukia lugha nyingine.

Amua pia utafuata matamshi ya wapi. Kiserbia, Kikroeshia, Kibosnia na cha Montenegro huelewana, ila Belgrade, mji mkuu wa Serbia, maziwa ni mleko, na Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ni mlijeko. Anayechanganya vitabu vya pande zote mbili mwanzoni hujichanganya mwenyewe.

Herufi ni 30, nazo huandikwa kwa Kisirili (alfabeti kama ya Kirusi) na kwa Kilatini. Weka kibodi zote mbili kwenye simu kabla ya somo la kwanza, na Kisirili ukimalize wiki hiyohiyo. Mtego uko kwenye herufi zenye sura unazozijua: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s. Ulimi nao una kazi yake. Katika trg (uwanja wa mji) au prst (kidole) r ndiyo inayobeba silabi. Ukichomeka irabu ukasema "tirigi", hueleweki. Na mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho uuache nyumbani: jabuka, tofaa, hukaziwa ja.

Sasa padeži zenyewe. Ziko saba, lakini usizikariri kwa jedwali, maana jedwali ndilo linaloua hamu. Dativ (ya anayepewa kitu) na lokativ (ya mahali kitu kilipo) zina maumbo yaleyale, hivyo mzigo ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Anza na akuzativ (ya kinachotendwa au mahali unakokwenda) na lokativ, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kitakuponza. Sisi tunasema "naenda shuleni" na "nipo shuleni", neno ni lilelile. Mserbia husema idem u školu anapokwenda, na u školi sam akiwa ameshafika. Fuatisha na genitiv (ya umiliki na idadi), ambayo hutaikwepa ukihesabu chochote: jedna kafa, dve kafe, pet kafa, yaani kahawa moja, mbili, tano. Jifunze kila mwisho ndani ya sentensi kumi fupi unazoweza kuzitumia leo, kisha ndipo uende kwenye mwingine. Vitenzi viandike viwili viwili tangu siku ya kwanza: kupovati ni kununua kunakoendelea au kunakorudiwa, kupiti ni kununua kulikokwisha. Aliyekusanya upande mmoja tu hulazimika kuanza upya baadaye.

Tuna mtaji ambao wanafunzi wengi hawana. Aliyezoea "kitabu kikubwa kimeanguka" hashangai kuona velika knjiga je pala, ambapo kivumishi na kitenzi hubadilika kupatana na nomino. Tena Waturuki waliacha huko maneno ambayo pwani yetu iliyapata kwa njia nyingine: sat ni saa, dućan ni duka, šećer ni sukari, kafa ni kahawa.

Upande wa utamaduni, mtu mzima usiyemfahamu mwite Vi ("ninyi" ya heshima), si ti ("wewe"), mpaka mwenyewe akuruhusu. Ukialikwa kafa, tenga saa mbili, kwa kuwa unaitiwa mazungumzo. Maua ya zawadi yawe ya idadi witiri. Ya shufwa hupelekwa msibani. Sikukuu ya kuifahamu mapema ni slava, siku ya mtakatifu wa ukoo, ambayo UNESCO iliiorodhesha kama urithi wa utamaduni mwaka 2014. Familia nyingi huiadhimisha tarehe 19 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, na kwa kuwa inaangukia ndani ya mfungo wa kabla ya Krismasi, samaki ndiye huwa mezani. Mgeni hukaribishwa kwa kijiko cha ngano iliyopikwa na kutiwa sukari. Chukua kidogo ule. Kama hunywi pombe au huli nguruwe, kariri mapema ne pijem alkohol, hvala na ne jedem svinjetinu. Zinapokelewa vizuri zikisemwa waziwazi na mapema, kabla glasi haijajazwa. Mada ya vita vya miaka ya 1990 mwachie mwenyeji aianzishe.

Mjini Belgrade vijana wengi watakujibu kwa Kiingereza mara tu ukikwama, na hilo huvunja moyo kuliko sarufi. Uwe na sentensi moja mdomoni kabla hujatoka: učim srpski, molim vas, govorite polako. Najifunza Kiserbia, tafadhali zungumza polepole. Wengi wakishaisikia hurudi kwenye lugha yao, nao hukusubiri umalize.