Jinsi ya Kuchagua Antena ya Waya Mrefu kwa Redio ya Ridhaa: Mwongozo kwa Wakazi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi ya Kenya

Mtu aliyepewa leseni ya redio ya ridhaa (mawasiliano ya redio ya watu binafsi, yasiyo ya biashara) na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, akapata na ishara ya wito inayoanza na 5Z4, kwa kawaida tayari ana redio mezani na hamu kubwa ya kusikika mbali, ila hana fedha za mnara wala za antena inayozungushwa kwa mota. Waya mrefu humfaa sana, kwa kuwa gharama yake ni ndogo, hauonekani kwa urahisi kutoka barabarani, na ukichaguliwa vizuri unaweza kumfikisha Ulaya na Japani kwa wati 100 au hata pungufu. Wengi huanza kwa kuuliza wanunue waya wa aina gani, ilhali hilo ni jambo dogo. Mambo makubwa ni urefu wake, upande unakoelekea, na kile kinachofungwa chini yake.

Nilijifunza hilo kwa kuhangaika. Antena yangu ya kwanza, nyumbani karibu na Maseno, ilikuwa waya wa mita 20 kamili uliotoka dirishani hadi kwenye mkalitusi, nami nikaufunga kwenye transfoma ya tisa kwa moja (kifaa kinachoshusha ukinzani wa waya mara tisa ili ulingane na kebo) kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeona wengine wakifanya. Kwenye bendi ya mita 40 tyuna, yaani kifaa cha kulinganisha antena na redio, ilitatarika kwa sekunde kadhaa kisha ikashindwa. Kwenye bendi ya mita 20 ikawa vivyo hivyo. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha plagi, nikaishuku hata redio yenyewe. Kosa lilikuwa hesabu ya dakika tano ambayo sikuifanya.

Hesabu yenyewe ni hii. Waya unaolishwa kwenye ncha moja, urefu wake ukiwa nusu wimbi (nusu ya urefu wa wimbi la masafa unayotumia) au nusu wimbi kadhaa zilizofuatana, huwa na impedansi (ukinzani kwa mkondo wa redio) kubwa mno kwenye ncha hiyo, yaani maelfu ya omu. Transfoma ya tisa kwa moja imekusudiwa kushusha omu 450 hivi hadi 50, kwa hiyo maelfu hayo huishinda. Ili ujue urefu wa kuepuka, gawanya 143 kwa masafa yako ya megahezi, nawe utapata nusu wimbi ya kwanza kwa mita. Kisha kwa kila nusu inayofuata ongeza 150 iliyogawanywa kwa masafa hayo hayo. Kwa 7.1 (bendi ya mita 40) utapata mita 20.1 na 41.3. Kwa 14.2 (bendi ya mita 20) utapata 10.1, 20.6 na 31.2. Kwa 21.2 (bendi ya mita 15) ni 6.7, 13.8, 20.9 na 28.0, na kwa 28.5 (bendi ya mita 10) ni 5.0, 10.3, 15.5, 20.8 na 26.1. Ziandike zote kwenye mstari mmoja, kuanzia ndogo hadi kubwa, uone zinavyosongamana kati ya mita 20 na 21, pale pale nilipokuwa nimeutundika waya wangu, kisha panafunguka nafasi tupu hadi karibu na 26. Mita 24 hukaa ndani ya nafasi hiyo bila kugongana na bendi yoyote kati ya hizo nne. Kila bendi ina upana wake, kwa hiyo usijibane kwenye ukingo. Acha mita moja hivi kila upande.

Ipo njia ya pili, nayo ni kuikubali nusu wimbi kwa makusudi. Waya wa mita 20 ukilishwa kwa transfoma ya arobaini na tisa kwa moja hufanya kazi kwenye bendi za mita 40, 20, 15 na 10, mara nyingi bila tyuna, na ule wa mita 40 hivi huongeza bendi ya mita 80. Mwenye redio isiyo na tyuna ndani yake namshauri achague njia hii. Mwenye tyuna nzuri, na anayetaka pia bendi za katikati kama mita 30 na mita 17, achague urefu usio wa nusu wimbi na transfoma ya tisa kwa moja, lakini azijumuishe bendi hizo kwenye hesabu yake kabla ya kukata. Kwenye ncha ya waya wa nusu wimbi wati 100 huzalisha volti 500 hivi, kwa hiyo ncha zote mbili ziwe mahali ambapo mtoto hawezi kuzifikia.

Baada ya urefu, tazama dira. Waya mrefu haurushi mawimbi sawasawa pande zote. Ukiwa na urefu wa wimbi moja, nguvu zake kubwa hutoka kwa pembe ya nyuzi 54 hivi kutoka kwenye mstari wa waya. Ukiwa wa mawimbi mawili, pembe hiyo hupungua hadi 36. Kutoka Kisumu, London iko kwenye nyuzi 336 za dira na Tokyo kwenye nyuzi 53. Waya wa mita 40 ni mawimbi mawili kwenye bendi ya mita 20, kwa hiyo ukiutandaza kutoka kusini kwenda kaskazini, ukiuinamisha kidogo mashariki hadi nyuzi 12, bega lake moja, yaani upande mmoja wenye nguvu kubwa, litaangukia London na la pili litapita karibu kabisa na Tokyo. Mwenye shamba refu linaloelekea kaskazini amebarikiwa, na singependa autundike waya wake kutoka mashariki hadi magharibi kwa sababu tu mti wa upande huo uko karibu na mlango.

Hesabu hiyo ya pembe ina maana iwapo waya uko juu, walau mita 10 kwa bendi ya mita 20. Ukiwa chini zaidi, nguvu nyingi hupanda wima. Kwa anayetaka kuzungumza na wenzake wa humu nchini hilo ni jambo jema: waya ulio mita 5 hadi 8 kutoka ardhini, kwenye bendi ya mita 40 mchana, hurusha mawimbi yakagonga angani na kurudi Nairobi, kilomita 265 hivi kutoka Kisumu, mahali ambapo wimbi la kutambaa ardhini lisingefika kwa nguvu ya maana.

Transfoma yoyote kati ya hizo huhitaji mahali pa kurudishia mkondo. Usipoupatia njia, utatambaa nje ya kebo ya koaksia (ile inayounganisha antena na redio) hadi kwenye maikrofoni yako. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Uwanda wa Kano, unaoshika unyevu, fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini husaidia. Nakuru, ambako udongo ni wa majivu ya volkano na maji hupita upesi, singeitegemea fimbo peke yake; tandaza chini nyaya nne au zaidi za mita 5 hivi kila mmoja. Kisha, kabla kebo haijaingia nyumbani, izungushe mara kumi hadi kumi na mbili kwenye pete kubwa ya feraiti (kitu cha sumaku kinachozuia mkondo huo).

Kuhusu waya wenyewe, ule wa shaba wa milimita mraba 1.5 wenye ganda la plastiki, unaouzwa kwa mafundi wa umeme, unatosha. Kwa nusu wimbi ukate ukiwa umezidi kwa nusu mita, pima, kisha punguza kidogo kidogo, maana ganda la plastiki hufupisha urefu unaohitajika. Vihami, vinavyotenganisha waya na kamba, vinaweza kukatwa kwenye bomba la PVC. Kwa kamba, mimi hununua ile ya nailoni ya wavuvi ufukweni Dunga. Mkalitusi huyumba sana upepo ukivuma, kwa hiyo usifunge kamba kwenye tawi. Ipitishe kwenye kapi, na upande wa pili uning'inize mtungi wa lita 5 wenye mchanga, ambao utapanda na kushuka mti unapoyumba na waya hautakatika.

Waya usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, na uwe mbali nazo kiasi kwamba hata ukikatika na kupeperushwa hauwezi kuzigusa. Kuhusu radi, ambayo bonde la Ziwa Victoria huipata kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, hakuna kifaa kidogo ninachokiamini. Mawingu yakianza kujikusanya alasiri, ninachomoa kebo kwenye redio, ninaitoa nje ya dirisha na kuifunga kwenye fimbo ya ardhini, na siirudishi hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho kusikika.