Bluberi Fupi Bustanini: Kwanza Udongo na Maji

Mkazi wa Arusha au Moshi anayetaka kupanda bluberi, kichaka cha matunda madogo ya buluu, huuliza kwanza kuhusu baridi ambayo mmea huu huihitaji ili uzae, ilhali miche mingi huponzwa na udongo na maji. Suala la baridi humalizwa na uchaguzi wa aina. Sunshine Blue, ambayo kimo chake ni kama mita moja, huridhika na baridi kidogo. Biloxi nayo hufaa, ingawa hurefuka zaidi na itahitaji kupogolewa. Top Hat ni fupi na huvutia pichani, lakini inataka majira halisi ya baridi, kwa hiyo isikutie tamaa. Miche ya kutoka nje ya nchi huingizwa kwa kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Arusha, wala si kwa kufichwa ndani ya begi la nguo.

Bluberi hutaka udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali huzidi) ya kati ya 4.5 na 5.5, kiwango ambacho bustani iliyomwagiwa majivu ya jikoni kwa miaka mingi haiwezi kukifikia kwa urahisi. Ndiyo maana napendekeza chombo badala ya ardhi. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha kuanzia, kisha mche uhamishiwe kwenye chombo cha lita 40 au zaidi, kilicho kipana, kwa kuwa mizizi yake ni myembamba na hutambaa karibu na uso wa udongo. Jaza mchanganyiko wa piti (mboji ya mimea iliyooza kwenye vinamasi) na maganda ya msonobari yaliyooza, kwa kiasi sawa. Maranda mabichi yasichanganywe humo, kwani yanapooza huunyang'anya mmea naitrojeni. Yatandaze juu tu, unene wa sentimita 5, ili unyevu usipotee.

Maji ndiyo mtihani wenyewe. Maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana maji yenye magadi, na kila umwagiliaji hupandisha pH kidogo kidogo hata pale udongo ulipoandaliwa vizuri. Kinga maji ya mvua za masika na vuli kwenye tenki uyatunzie bluberi. Yakiisha, tia siki nyeupe kidogo kidogo kwenye maji ya bomba, ukipima kwa karatasi za pH hadi yakaribie 5.5. Ukiona majani machanga yamegeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, usikimbilie mbolea: mara nyingi mmea umeshindwa kufyonza madini ya chuma kwa sababu pH imepanda.

Kwa mbolea, tumia SA (salfeti ya amonia), nusu kijiko cha chai kwa mche mdogo kila baada ya wiki sita, kisha umwagilie. CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) na mbolea ya kuku ziachie mahindi.

Mwaka wa kwanza nyofoa maua yote ili mche ujenge matawi. Kuanzia mwaka wa tatu, kata matawi makongwe kutoka shinani baada ya mavuno, na matunda yanapoanza kubadilika rangi funika kwa neti, maana ndege hawatakusubiri.

Tunda likishakuwa buluu, lipe siku chache zaidi. Tazama pale linaposhikana na kikonyo: pakiwa na wekundu, bado, lililoiva hudondoka kiganjani kwa kuguswa na kidole gumba. Likichumwa mapema halitaongeza utamu, hata ukilihifadhi wiki nzima.